Manifodi ya Land Rover 109 Ikipasuka: Fanya Hili, Usifanye Lile

Injini ya petroli ya lita 2.25, iliyoanza kufungwa kwenye Land Rover mwaka 1958, ni ngumu kufa. Pikapu za 109 zilizobebeshwa mbegu, saruji na wagonjwa bado zinatembea nayo. Udhaifu wake mmoja uko chini ya kabureta: manifodi ya kuvutia hewa ni ya aluminiamu, ya ekzosi ni ya chuma cha kumimina, nazo zimefungwa pamoja ili joto la ekzosi lisaidie petroli kuvukiza. Aluminiamu hurefuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Kipande cha sentimita 40 kikiongezewa joto la nyuzi 100, cha aluminiamu hurefuka karibu milimita 1, cha chuma hakifiki hata nusu milimita. Anayezifunga kana kwamba ni kitu kimoja ndiye anayezipasua. Nyufa nyingi nilizoziona zilitoka mikononi mwa fundi.

Usishike spana kabla hujajua hewa inaingilia wapi. Injini inayomisi gari likiwa limesimama lakini inatulia ukikanyaga mafuta, inayopiga risasi kwenye kabureta, yenye plagi moja nyeupe kuliko wenzake, huenda inavuta hewa ya wizi. Huenda tu. Chukua chupa ya kunyunyizia maji ya kupigia pasi. Injini ikiwa ya vuguvugu, nyunyiza ukungu kidogo kwenye aluminiamu na maungio yake. Maji yakiziba ufa, mlio hubadilika papo hapo. Usimwagie ekzosi ya moto maji, utapata ufa wa pili. Na wale wanaotafuta leki kwa kunyunyiza petroli juu ya ekzosi inayochemka, waondoe karibu na gari lako.

Tumia geji ya utupu, lakini isome kwa kujua uko wapi. Injini nzima inayonguruma polepole Dar es Salaam au Mombasa huonyesha takriban inchi 17 hadi 21 za zebaki, na mshale umetulia. Kila ukipanda mita 300 hivi, toa inchi moja. Nairobi, iliyo juu kwa takriban mita 1,700, inchi 13 zilizotulia si ugonjwa. Nimeona manifodi nzima ikitupwa kwa sababu fundi alisoma namba ya pwani akiwa bara.

Usiendelee kuendesha gari lenye ufa “mpaka mwisho wa mwezi.” Hewa ikizidi petroli, moto kwenye silinda huwa mkali na valvu za ekzosi huungua. Unaahirisha kazi ya siku moja ili ununue kazi ya kufungua silinda hedi.

Kabla ya kutoa manifodi, ng'oa waya wa hasi wa betri, ziba bomba la petroli, toa kabureta ikae mbali. Kisha loweka stadi kwa mafuta ya kulegeza kutu, ziache zilale usiku mzima. Stadi hizi zimekaa humo miaka 40 au zaidi. Hazidai nguvu zako, zinadai muda. Nati ikigoma, ipashe moto, iache ipoe, ipake mafuta tena. Usiongezee mpini wa spana bomba. Manifodi ikishatoka, ziba matundu ya hedi kwa vitambaa safi na uvihesabu, kwa kuwa nati ndogo ikidondokea humo itapatikana baada ya hedi kufunguliwa.

Usipake ufa silikoni. Petroli huilainisha, ikachunika na kuvutwa ndani ya silinda. Gundi ya chuma ya kukoroga inaweza kukufikisha nyumbani ikiwa ufa uko mbali na pale panapopashwa na ekzosi. Ikufikishe nyumbani, basi. Ufa ukiwa kwenye kiungio chenyewe cha joto, hata hilo usijaribu.

Usimpe fundi wa gesi aliyezoea chuma. Hapa ndipo manifodi nyingi hufia. Chuma hukuonya kwa wekundu kabla hakijayeyuka. Aluminiamu haikuonyi: huyeyuka kwenye nyuzi 660 ikiwa bado ina rangi yake ya kawaida. Fundi anasubiri wekundu, na kipande kinaanguka mezani kama uji. Mtafute anayechomelea aluminiamu kwa argoni, na umkabidhi kitu kisafi: kimeoshwa mafuta yote, kimesuguliwa kwa brashi ya waya ambayo haijawahi kugusa chuma. Toboa tundu la milimita 3 kila mwisho wa ufa ili usitembee, kisha fungua ufa kwa tupa uwe kama herufi V. Akifungie kwenye bamba nene la chuma wakati wa kuchomelea, akipashe moto kwanza kote, akiache kipoe chenyewe. Anayekitumbukiza kwenye ndoo ya maji amekuharibia.

Kagua nyuso kwa rula ya chuma na fila geji. Fila ya milimita 0.2 ikipenya, peleka manifodi zote mbili kwa mchonga vyuma, akazichonge zikiwa zimeunganishwa, ili nyuso zao ziwe sawa. Usisugue kwa msasa mkononi. Utaondoa kingo na kuacha kilima katikati.

Ukiamua kununua manifodi nyingine, usinunue kwa macho. Uwe Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, nenda na rula, fila na gasketi yako ya zamani ya kabureta. Ya injini ya dizeli haifai, hata ukiapiwa. Ya mtumba itazame kwenye kona za kiungio; ufa mwembamba hujificha chini ya masizi.

Usikaze kiungio cha manifodi mbili kwanza. Mwaka wangu wa kwanza na gari hili, nilipeleka manifodi nzima kwenye gereji moja. Fundi alizifunga zote mbili mezani, akazikaza kwa nguvu zote, ndipo akazipeleka kwenye injini. Uso mmoja ulibaki nje kwa unene wa kadi. Aliuvuta kwa nati mpaka ukagusa. Wiki mbili baadaye nilikuwa na ufa kwenye kona ya uso uleule. Utaratibu ni huu: gasketi mpya, kavu. Funga manifodi zote kwenye hedi huku nati nne za kiungio zikishikwa kwa vidole tu, ili kila moja ikae itakapo. Kaza za hedi kutoka katikati kwenda pembeni, kwa awamu tatu, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Ndipo ukaze zile nne.

Rudisha vishikizo vyote vya bomba la ekzosi. Bomba linaloning'inia huvuta manifodi kila tuta.

Washa injini ipate moto, izime, iache ipoe kabisa, kaza tena. Na kama gari lina servo ya breki inayotegemea utupu wa manifodi, kanyaga pedali mara kadhaa injini ikiwa imezimwa, ishikilie chini, kisha washa. Pedali lazima izame kidogo chini ya mguu. Isipozama, gari lisitoke getini.