SOMO LA AFYA: MZEE, BUSTANI NA RAFIKI

Mara nyingi katika kurasa hizi tunazungumza juu ya malaria, kuhara na chanjo za watoto. Leo tunageukia wazee wetu, yaani watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Somo hili ni la wazee wenyewe, na pia ni la kila mtu anayeishi na mzee nyumbani au aliye jirani yake. Asiyeweza kusoma, tafadhali asomewe.

Kambi ya Nyarugusu, hapa mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996. Mtu aliyevuka Ziwa Tanganyika akiwa na miaka 40 wakati ule, leo anafikia miaka 70. Wengine walikuja baadaye, kama ndugu zetu Warundi waliokimbia mwaka 2015. Wote waliacha nyuma mashamba, mifugo, mitumbwi na makaburi ya wazazi wao. Wengi hujiambia, "Nitakuwa na furaha siku nitakayorudi kwetu." Kutamani kwenu si kosa. Lakini miaka inapita na uzee hausubiri. Je, mzee anaweza kupata amani ya moyo hapa hapa, leo? Ndiyo, anaweza, na jambo lenyewe halihitaji fedha.

MFANO WA MZEE MMOJA

Tuchukue mfano wa mzee mmoja aliyekuwa mvuvi upande wa Baraka, Kongo. Mke wake amefariki. Mtoto wake ni kijana mwema: humchotea maji, humpokelea mgao wa chakula, humletea sahani mpaka kitandani. Mzee hana kazi yoyote ya kufanya. Anakaa ndani kutwa nzima. Anakuja kituo cha afya mara tatu kwa mwezi mmoja, leo mgongo, kesho kichwa, keshokutwa moyo kwenda mbio. Anapimwa, presha ni nzuri. Anapewa dawa ya maumivu, anarudi ndani.

Siku moja jirani yake, mzee wa Kirundi, anamjia na mbegu kidogo za mchicha, ule ambao Wakongo huuita lengalenga. Anamwambia, "Mzee mwenzangu, kwangu hakuna nafasi. Nipandie hapa kwako nyuma ya bafu, tutagawana." Mvuvi hakuwahi kupenda jembe, lakini anaona aibu kukataa. Anapanda. Kila asubuhi anamwagilia kwa maji yaliyobaki ya kuosha vyombo. Kila asubuhi jirani anapita kuangalia. Wanakaa juu ya gogo, wanazungumza. Mmoja anasimulia juu ya ziwa, mwingine juu ya ng'ombe wake.

Asubuhi moja jirani hakuja. Mvuvi alingoja mpaka jua likapanda, akachukua fimbo yake akaenda kumgongea. Alimkuta amelala, mwili unawaka moto, hawezi kusimama. Akaita vijana, wakambeba mpaka kituo cha afya. Alipimwa, ilikuwa malaria, akatibiwa akapona. Mzee huyo aliishi peke yake. Kama asingekuwapo mtu anayemsubiri asubuhi ile, nani angejua?

Mvuvi bado analikumbuka ziwa lake, na siku nyingine machozi humtoka. Lakini sasa ana sababu mbili za kuamka: mmea unaohitaji maji, na mtu anayemtazamia. Hilo ndilo somo letu la leo.

KWA NINI MAMBO HAYA HUSAIDIA?

Kwanza, mimea na hewa ya nje. Mtu anayetoka nje hutembea, huinama, hunyoosha viungo. Mwanga wa jua huusaidia mwili kutengeneza vitamini D, ambayo mifupa inaihitaji. Anayeota mwanga mchana na kuchoka kidogo, usiku hulala vizuri zaidi. Hata kutazama tu kuna faida. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha utafiti juu ya wagonjwa waliopasuliwa katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Wale ambao dirisha lao lilitazama miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema kuliko wale waliotazama ukuta wa matofali, na walitumia dawa kali za maumivu kidogo zaidi.

Pili, urafiki. Wahenga walisema upweke ni uvundo, nao hawakukosea. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti inayosema kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo vipatavyo 871,000 kila mwaka. Huongeza hatari ya kiharusi, ugonjwa wa moyo, kisukari na huzuni kubwa. Kwa hiyo upweke si deko la wazee. Ni jambo la afya, sawa na maji safi.

Tena wazee si wa kusaidiwa tu, wao pia huponya wengine. Mwaka 2006, huko Mbare katika jiji la Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kazi na bibi 14. Aliwafundisha kusikiliza watu wenye mawazo mengi, wakiwa wamekaa nao kwenye benchi la mbao katika uwanja wa zahanati. Liliitwa Benchi la Urafiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, watu waliozungumza kwenye mabenchi hayo walikuwa na dalili chache za huzuni kuliko waliopata huduma ya kawaida.

WEWE MZEE, UFANYE NINI?

1. Toka nje kila siku, asubuhi kabla jua halijawa kali. Anza kwa hatua chache, mpaka kwa jirani na kurudi. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi kwa wiki, yaani kama dakika 20 au zaidi kidogo kila siku. Kama huwezi kufikia hapo, kidogo ni bora kuliko kukaa. Beba fimbo, na kunywa maji safi hata kama husikii kiu.

2. Panda kitu kimoja. Kama huna ardhi, gunia lililojazwa udongo na samadi linatosha kwa mchicha au matembele. Kama magoti yanauma, liweke karibu na kiti chako. Usiende peke yako mbali porini kutafuta kuni au mbegu.

3. Panga saa na rafiki mmoja. Usiseme tu "tutaonana". Sema, "Kesho saa mbili asubuhi, chini ya mwembe." Mkubaliane kwamba asiyeonekana atafuatwa siku hiyo hiyo.

4. Cheza bao, imba, fundisha wajukuu kusuka mkeka au kutengeneza mtego. Ulichonacho kichwani ni mali.

5. Usiache dawa za presha au za sukari kwa sababu unajisikia vizuri. Bustani na rafiki hazichukui nafasi ya dawa.

FAMILIA NA MAJIRANI

Kumhudumia mzee ni baraka, lakini msimnyang'anye kila kazi. Anayefanyiwa kila kitu huanza kujiona mzigo. Mwachieni kazi anayoiweza: kuchambua maharage, kulinda kuku, kumwagilia mboga. Muulizeni ushauri, kisha mfuate walau mara moja moja, maana penye wazee haliharibiki neno.

Kama mzee ameacha kusalimia watu au hataki tena kutoka, msiseme haraka kwamba ana kiburi. Huenda haoni au hasikii. Mtoto wa jicho hutibiwa kwa upasuaji. Mleteni apimwe.

LINI MZEE ALETWE KITUO CHA AFYA?

Huzuni ya kawaida huja na kuondoka. Lakini mlete mzee kama, kwa wiki mbili au zaidi, halali, hali chakula, hafurahii lolote, au amekuwa mtu wa kulia na kunyamaza. Akisema kwamba anataka kufa, au akianza kugawa vitu vyake kama anayeaga, asiachwe peke yake. Mlete siku hiyo hiyo. Mzee akianza ghafla kuchanganyikiwa, au mdomo ukaenda upande, au mkono ukakosa nguvu, hiyo ni dharura, hata kama ni usiku.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika mtaa wetu, ni mzee gani ambaye hatujamwona nje wiki hii? Nani ataenda kumsalimu leo?
2. Ni kazi gani tulizomnyang'anya mzee wa nyumbani kwetu kwa nia njema?
3. Wapi karibu nasi kuna kivuli ambapo wazee wanaweza kukutana? Kama hakuna, tupande mti gani, na nani ataumwagilia?

Ndugu msomaji, ukimaliza kusoma karatasi hii usiikunje. Mpelekee mzee aliye karibu nawe, mpe shikamoo, kaa naye, msomee. Kabla hujaondoka, mwambie siku na saa utakayorudi. Kisha urudi kweli.