SOMO: TRELA YA BAISKELI, MZIGO WA SOKO UTOKE KICHWANI



Simama kando ya barabara ya Keroka jioni ya siku ya soko. Mama ana unga kichwani, mafuta mkononi, mtoto mgongoni. Baiskeli inampita tupu. Akipanda pikipiki, nauli inakula faida ya ndizi alizouza. Leo tujifunze juu ya trela ya baiskeli.

Trela ni nini?
Ni sanduku la mbao au chuma lenye magurudumu mawili, linalofungwa nyuma ya baiskeli. Mzigo wa karia hukaa juu na kuyumbisha baiskeli. Mzigo wa trela hukaa chini, kwa magurudumu yake yenyewe.

Tupige hesabu. Nyumba tano zinanunua pamoja kwa bei ya jumla: pakiti 24 za unga za kilo mbili mbili (kilo 48), sukari kilo 10, sabuni na chumvi kilo 12. Jumla kilo 70. Kichwa gani kitabeba?

Mwambieni fundi wa jua kali hivi:
1. Magurudumu yawe saizi ya baiskeli zenu, ili tairi na tyubu ziingiliane.
2. Kila gurudumu lishikwe pande zote mbili. Likishikwa upande mmoja tu, ekseli hupinda.
3. Kiungo kigeuke vizuri kwenye kona, na kiwe na mnyororo wa akiba kikifunguka.

Milima yetu
Hapa ndipo penye hatari. Mimi mwenyewe niliwahi kupakia mzigo wote nyuma. Trela iliinua mkia wa baiskeli, breki ikakosa kazi, tukaponea kwa majani ya chai. Basi uzito ukae juu ya ekseli, mbele kidogo. Kwenye mteremko shukeni, mtembee: mmoja ashike usukani na breki, mwingine avute kamba nyuma. Rimu ikilowa mvua, breki huteleza. Msimbebe mtoto juu ya trela.

Trela ni ya nani?
Mara nyingi kina mama wanachanga pesa, halafu trela inaonekana kwa mtu mmoja ikibeba matofali yake. Kabla ya kununua, andikeni sheria: zamu, ada ndogo ya matengenezo, na daftari kwa mweka hazina. Egesangio ya wazee wetu ilikwenda kwa zamu. Trela nayo iende hivyo.

Maswali ya kujadili
1. Katika nyumba zetu, nani hubeba mizigo ya soko? Kwa nini?
2. Ni mteremko gani hapa kwetu ambao trela haifai kabisa?
3. Mtu akiivunja, nani atalipa?

Someni Wagalatia 6:2. Mtume Paulo anatuhimiza tusaidiane mizigo. Hasemi mama ajibebee peke yake.