Mwili Chuoni, Moyo Safarini

Somo la mwezi huu lawahusu vijana wetu walio vyuoni, na sisi tuwalipiao ada. Huko Mkokotoni, kaskazini mwa Unguja, mkabala wa kisiwa cha Tumbatu, ada mara nyingi hutoka baharini: samaki hunadiwa dikoni, na sehemu ya fedha huwekwa kwa ajili ya mtoto asomaye. Basi kijana akiketi mbele ya mwalimu na moyo wake ukawa mbali, haikupotea saa yake tu. Jasho la nyumba nzima limepotea pamoja nayo.

Hata hivyo tusifanye haraka kumwita mvivu. Kijana wa Mkokotoni asomaye Tunguu, katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kilichofunguliwa mwaka 2001, akilala kwao hana budi kusafiri mwendo mrefu kwa gari kila siku. Afika amekwisha choka. Amelelewa kwa Kiswahili, bali mihadhara mingi ni ya Kiingereza. Neno moja likimponyoka, hubaki akilitafuta, na mwalimu amekwisha pita. Simu nayo yamwita mfukoni. Na juu ya hayo yote, hakupewa kazi ila kusikiliza. Na sikio likiachwa peke yake huchoka upesi.

Jambo hili ni la kale. Twasoma katika Matendo ya Mitume, sura ya 20, habari za Eutiko, kijana aliyeketi dirishani huko Troa, Paulo akihutubu hata usiku wa manane. Usingizi ukamlemea, akaanguka toka orofa ya tatu. Paulo hakumkemea, alishuka akamkumbatia.

Je, dawa ni nini? Watu wa pwani waliijua zamani. Katika chuo cha Kurani kila mtoto alikuwa na ubao wake, akausoma kwa sauti yake mwenyewe mbele ya mwalimu. Na katika Kituo cha Mafunzo ya Amali cha Mkokotoni, kijana ashikaye chombo cha kazi hasinzii, kwa maana mkono huushika moyo. Wataalamu nao wameona vivyo hivyo. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake huko Marekani walikusanya chunguzi 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati. Wakaona ya kuwa wanafunzi waliosikiliza mihadhara tu walishindwa mara moja na nusu zaidi ya wale waliopewa maswali na kazi darasani.

Basi mwanafunzi asingoje mwalimu abadilike. Ajipe kazi mwenyewe.

Kwanza, azime simu, aitie mkobani.

Pili, aandike kwa mkono maana ya neno, wala si kila neno. Penye ugumu aandike kwa Kiswahili. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatu, katika kila somo atafute swali moja, aliulize.

Nne, jioni afunge daftari, amweleze mwenzake aliyoyakumbuka. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke walionyesha ya kuwa ajaribuye kukumbuka bila kitabu, baada ya juma moja hukumbuka mengi kuliko asomaye tena na tena.

Walimu nao yawapasa kukatiza mhadhara kwa swali. Na sisi wazazi tusiulize tu, "Umefaulu?" Tuseme, "Mwanangu, nieleze ulilojifunza leo," kisha tuketi tumsikilize. Mama auzaye samaki aweza kufanya hivi, hata kama hakusoma; naye aliyelala darasani atajulikana hapo hapo, bila kupigwa wala kutukanwa.

Maswali ya kujadiliana:
1. Ni mambo gani yauchukuayo moyo wa kijana wako mbali na somo?
2. Lipi kati ya hayo laweza kuondolewa nyumbani?
3. Juma hili, ni nani utakayemwomba akueleze somo lake?