KUWAPIGA WAFU KWA VIDOLE KUMI

Leo nataka tujifunze kupiga taipu, na mwalimu wetu ni zombi. Usicheke! Soma kwanza.

Zombi ni maiti inayotembea. Ndugu zetu wa Tanzania wana maneno yao: msukule na ndondocha. Huku kwetu kando ya ziwa tunao nyawawa, pepo ambao husemekana hupita usiku kwa kelele, na watu hupiga sufuria na mabati mpaka wapite. Katika mchezo huu hupigi sufuria. Unapiga vitufe vya kompyuta.

Mchezo wenyewe

Mnamo 1998 kampuni ya Sega ya Japani ilitoa The House of the Dead 2, mchezo wa kuwapiga mazombi risasi. Mwaka 1999 bunduki iliondolewa, kibodi ikawekwa mahali pake, na jina likawa The Typing of the Dead. Zombi anakujia na neno. Ukiliandika sawasawa na chapchap, anaanguka. Ukikosea herufi au ukichelewa, anakurarua.

Mchezo ulianza kwenye mashine za kumbi za michezo huko Japani. Mwaka 2000 ukaingia kwenye mashine ya nyumbani iitwayo Dreamcast, na Januari 2001 ukafika Marekani. Mwezi huo huo Sega ikatangaza kwamba itaacha kutengeneza Dreamcast! Lakini mchezo haukufa nayo. Ulitokea pia kwenye kompyuta, ukatolewa Japani kwa PlayStation 2 mwaka 2004, kisha mwaka 2013 akaja ndugu yake, The Typing of the Dead: Overkill. Huyo aliongezewa hata maneno ya Shakespeare. Mimi nauliza: methali zetu zimekosa nini?

Kibodi na Kiswahili

Mpangilio wa herufi tunaotumia umetokana na taipureta ya Mmarekani Christopher Latham Sholes, iliyouzwa na Remington tangu 1874. Hakuwaza Kiswahili hata kidogo. Chukua sentensi hii: "Wavuvi wanapakia samaki alfajiri." Ina herufi 29, na 9 kati ya hizo ni A. Sasa A inapigwa na kidole gani? Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kile kidogo na kinyonge kuliko vyote! Q na X, ambazo alfabeti yetu haina, zimekaa tu hapo jirani kama wageni wasioaga. Kwa hiyo anayeandika Kiswahili lazima akifanyishe mazoezi kidole hicho.

Kwa nini tujisumbue? Kwa sababu katika mtihani wa vitendo wa Kompyuta wa KCSE, saa haimngojei anayesaka M kwa kidole kimoja. Na anayechapa kazi za watu saiba hulipwa kwa ukurasa, si kwa jasho.

Zoezi

Huna kompyuta? Chora kibodi kwenye katoni. Weka vidole vya kushoto juu ya A, S, D, F na vya kulia juu ya J, K, L na kitufe kinachofuata. Vidole vya shahada vitanyooka kufikia G na H. Usiangalie chini. Andika:

1. dada, kaka, shaka, ghala, sadaka
2. Kaka alala, dada asaga.

Umeona? Sentensi kamili ya Kiswahili, na mikono haijatoka mstari wa katikati.

3. Tunga sentensi nyingine mbili za mstari huo.
4. Hesabu A katika methali tano uzipendazo.

Haba na haba hujaza kibaba. Dakika kumi kila jioni zatosha, na siku zombi atakapokujia, au mtihani, atakukuta vidole viko tayari.