Dondoo muhimu: Kuitunza Peugeot 504 Nakuru

Peugeot 504, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, bado ni gari la kuheshimiwa. Ukiwa nayo hapa Nakuru, shughulikia kutu kabla ya rangi. Nyanyua mazulia, gonga sakafu na kingo za chini ya milango kwa bisibisi. Palipotoboka, kata chuma kilichooza uchomelee kipya. Fila juu ya kutu ni kujidanganya: masika moja tu, inabanduka.

Adui mkubwa zaidi ni joto. Silinda hedi yake ni ya aluminiamu, na injini ikichemka yaweza kupinda. Tia kulanti, si maji matupu, na usifungue rejeta ikiwa moto.

Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari; hewa ni nyepesi. Plagi zikitoka na masizi meusi, huenda kabureta inamimina petroli kupita kiasi. Irekebishwe hapa hapa. Vumbi letu la majivu ya volkano ni laini mno, kwa hiyo wakati wa kiangazi kagua kichujio cha hewa kila wiki.

Spea asili usitupe, hata ikichakaa. Mafundi wazee wa kuifufua bado wapo. Mtafute mmoja sasa, na kijana wako akae kando yake ajifunze.