Darasa la Awali Lililo Jema Hutambulikanaje?

SWALI: Ndugu Mhariri, mjukuu wangu ametimiza miaka mitano, nami nasitasita baina ya shule mbili za awali hapa Mikumi. Nizipime kwa mizani gani?
— Babu, Mikumi

JIBU: Mzee wetu, rangi za ukuta zisikughilibu, kwani ubora wa elimu ya awali, ambayo Sera ya Elimu ya Tanzania ya mwaka 2014 iliufanya mwaka wake mmoja kuwa wa lazima, haumo katika matofali bali katika mazungumzo ya mwalimu na mtoto. Omba idhini, uketi nyuma ya darasa asubuhi moja, mjukuu akishiriki na wenzake, uhesabu: kipimo cha taifa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na wakizidi mno, hata aliye hodari hawezi kumtambua kila mmoja. Kisha sikiliza kama watoto huuliza, husimuliwa hadithi na kuhesabu kwa vizibo na magunzi, au huimba tu herufi wasizozifahamu. Tazama pia maji, choo na uji. Maana mtoto aliyetoka kitongoji cha mbali cha wilaya yetu ya Kilosa kwa tumbo tupu, ilimu humpita kando. Hatimaye, jioni, muulize mjukuu alicheza nini. Jawabu lake ndiyo shahada ya kweli.