Kanga ya mkutano na pacha wake wa dukani

Arusha haimwachi mkusanyaji wa vitambaa vya mikutano akakaa bure. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, makao yake yalibaki bila mwenyewe, na mwaka uliofuata Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Arusha (AICC) kikaanza kuyatumia. Mkataba wa Jumuiya ya sasa ulitiwa saini hapahapa tarehe 30 Novemba 1999. Siku ya Wanawake ya mwaka 2025 iliadhimishwa kitaifa katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Katikati ya matukio makubwa kama hayo kuna mikutano ya vikoba, kwaya, dayosisi, walimu na wauguzi, na mingi kati yake ina sare yake ya kanga au kitenge. Kwa anayetaka kuanza kukusanya nina ushauri mmoja mkuu, na makala haya yote ni utetezi wake: usiridhike na kitambaa cha mkutano peke yake. Kitafutie pacha wake wa kawaida, yaani kile kilichokuwa kikiuzwa madukani kabla kamati haijaagiza kibadilishwe rangi, mji au jina, kisha vihifadhi pamoja.

Sababu yangu ya kwanza iko kiwandani. Kanga ina pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yale maneno yanayosomwa chini ya mji. Katika uchapaji wa skrini kila rangi ina skrini yake, na kazi ya kuchora muundo na kuandaa skrini hulipiwa kabla mita moja ya kitambaa haijatoka. Kumimina rangi nyingine katika skrini zilezile ni gharama ndogo. Kubadili jina kunazidi kidogo, kubadili mji kunazidi tena, na kubuni kila kitu upya ni kwa wenye fedha nyingi au wanaoagiza majora mengi. Kamati yenye bajeti ya kawaida, inayotaka doti za kuwatosha wajumbe wake tu, mara nyingi huangukia kwenye njia za mwanzo: pindo ni la zamani, mji ni wa zamani au umewekewa nembo, na rangi ni ya chama. Ukiwa na kitambaa cha mkutano peke yake, huwezi kujua kati ya hayo kipi kilichaguliwa na kamati na kipi kilikuwa tayari kiwandani. Ukivitandaza viwili mezani, uamuzi wao unaonekana wote: walilipia nini, walikubali nini kibaki, walitaka kutofautishwa kwa rangi gani. Hiyo ndiyo habari ambayo kitambaa kimoja hakiwezi kukupa, hata kiwe kizuri kiasi gani.

Watu wengine duniani wamekwisha kuifikia hoja hii kwa njia yao. Mwaka 1984 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilianza kuuza Transformers, roboti za kuchezea zinazogeuka magari na ndege, kwa kutumia kalibu za Takara ya Japani. Ndege tatu za mwanzo, Starscream, Thundercracker na Skywarp, zilitoka katika kalibu moja; tofauti iliyoonekana kwanza ni rangi. Baadaye mkutano wa mashabiki uitwao BotCon, ulioanza mwaka 1994 huko Fort Wayne katika jimbo la Indiana, ukawa na roboti zake maalumu, na nyingi kati ya hizo zilikuwa roboti za kawaida zilizopakwa rangi mpya, pengine kwa kuongezewa kichwa kipya. Mkusanyaji makini wa vitu hivyo huanza na swali la kalibu, ndipo aulize rangi. Anajua pia kwamba mwaka uliochapwa kwenye plastiki unaweza kuwa wa kalibu, ukaitangulia rangi kwa miaka mingi. Karibu na nyumbani, baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, stempu za Zanzibar zenye picha ya Sultani ziligongwa neno Jamhuri juu yake zikaendelea kutumika. Anayezikusanya huweka na zile ambazo hazikugongwa, maana bila hizo historia haishikiki.

Sasa kazi yenyewe. Anza na pindo, usianze na nembo. Nembo ndiyo kila mtu anayoitazama, nayo haikusaidii kumpata pacha. Piga picha ya kona moja ya pindo kwa ukaribu, kisha zunguka nayo kwenye maduka ya kanga mjini, kwa wauzaji wa Soko Kuu na Kilombero, na siku za soko la Tengeru. Waulize wauzaji wa siku nyingi kwa kutaja pindo na mji. Wengi wanakumbuka muundo kuliko tukio. Ukipata kinachofanana, tafuta kasoro. Skrini iliyoharibika kidogo huacha alama ileile kila inapojirudia: nukta isiyotakiwa, ukingo wa ua uliokatika, mstari uliopotoka. Kasoro ileile, mahali palepale pa pindo, kwenye vitambaa vyote viwili, ni ushahidi mzito kwamba vimetoka katika skrini moja. Rangi zikiwa zimepishana kidogo na mistari yao, usizichukulie kuwa ushahidi wa aina hiyo, kwa sababu kupishana hutokana na mashine ilivyotegwa siku hiyo na kunaweza kubadilika ndani ya jora moja. Soma pia maandishi madogo ya ukingoni, mahali viwanda na wafanyabiashara wanapoweka jina au namba ya muundo. Wafuasi wa kanga za Mombasa wanaijua alama ya K.H.E., Mali ya Abdulla, ya biashara iliyoanzishwa na Kaderdina Hajee Essak mwaka 1887. Namba ya muundo inakusaidia kuutambua muundo. Usiitegemee kukuambia tarehe ya uchapaji. Mwisho, chukua uzi mmoja unaoning'inia uuchome. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini, poliesta huyeyuka ikafanya punje ngumu. Pamba kwa poliesta si pacha kamili, hata michoro ikilingana.

Nimesikia pingamizi kadhaa, na lenye nguvu kuliko yote ni kwamba kiwanda kinaweza kuchapa tena wakati wowote, basi uadimu wa kitambaa cha mkutano ni wa kufikirika. Nakubali nusu ya kwanza. Kwa sababu hiyohiyo nahimiza jozi: skrini ikiandaliwa upya kasoro za zamani hupotea na mpya hujitokeza, na aliye na pacha wa zamani ana kitu cha kulinganishia. Asiye naye atabaki na neno la muuzaji. Wengine husema kununua viwili ni kuongeza gharama maradufu. Si lazima iwe hivyo, kwa sababu pacha wa dukani ni wa bei ya kawaida, na hata kipande kilichobaki kwa fundi cherehani kinatosha kama kinaonyesha pindo, kona na mji. Wapo wanaosema makumbusho makubwa huhifadhi kitambaa kimoja kimoja tu, wakitaja kanga ya kumpongeza Barack Obama ya mwaka 2008 iliyoko British Museum. Makumbusho ina wataalamu, kumbukumbu za ununuzi na vitambaa vingine vingi vya kulinganisha. Jozi yako ndiyo kumbukumbu yako. Na kuna kundi ambalo hoja yangu hailigusi: kitambaa kilichobuniwa chote kwa tukio moja, pindo mpaka jina. Hicho hakina pacha, na kumtafuta ni kupoteza muda. Kiweke peke yake, ila uhakikishe kwanza kwamba pindo kweli ni jipya.

Kuhusu kanga kuwa nguo ya kuvaliwa, sina ugomvi. Doti ina vipande viwili. Kimoja kivaliwe, kimoja kihifadhiwe bila kukatwa wala kupindwa. Hali ya hewa ya miteremko ya Meru inahitaji uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Masika ya Machi hadi Mei huacha unyevu katika nyumba za Ilboru, Sakina na Ngaramtoni, baridi ya Juni na Julai huuchelewesha kukauka, kisha vumbi la kiangazi huingia kila mahali. Kitambaa kipya kina wanga wa kiwandani, na wanga huvuta wadudu. Kukifua kunaondoa chakula chao lakini kunaondoa pia ule upya ambao wakusanyaji wanauthamini. Mimi naelemea upande wa kutokufua, mradi kisanduku kiwe kikavu na kikaguliwe kila masika yanapoisha. Vingirisha kitambaa kwenye mrija wa karatasi ngumu ambao wauza vitambaa huutupa, lakini uuzungushie kwanza marekani iliyofuliwa ikaisha wanga. Majani makavu ya mwarobaini yakae ndani ya kifuko, yasiguse kitambaa. Jua la dirishani lisikiguse kabisa. Rangi nyekundu na zambarau hazilipendi.

Kilichobaki ni karatasi. Kwa penseli andika tukio, tarehe, ukumbi, waandaaji, nani alikupa au kukuuzia, bei, na kama rangi hiyo ilikuwa ya wajumbe wote au ya kamati tu, kwa sababu kamati nyingi hujitengea rangi yao. Weka pamoja na ratiba ya mkutano kama umeipata. Fanya hivyo wiki ileile. Katibu bado anakumbuka nani alikwenda kiwandani na alionyeshwa miundo gani akaikataa, na taarifa hiyo ya miundo iliyokataliwa huisha haraka kuliko kitambaa chenyewe. Siku ukiamua kuuza au kumpa mwingine, toa vitambaa vyote viwili na karatasi yake, na anayetaka kile chenye nembo peke yake mwambie hakiuzwi.